Maji Yanayokula Mwamba: Kompyuta Inatuambia Nini Kuhusu Visima vya Pwani

Haipiti wiki kwenye kipindi chetu cha asubuhi bila mtu kupiga simu kuuliza habari ya kisima kilichogeuka chumvi. Hadithi huwa ni ile ile. Kisima kilichimbwa, maji yakatoka matamu, pampu ikawekwa, tangi likapandishwa juu, majirani wakaanza kununua kwa mtungi. Baada ya misimu miwili mitatu sabuni haitoi povu, chai ina ladha isiyoeleweka, na mchicha unaomwagiliwa unakauka ncha. Fundi aliyechimba analaumiwa, na wakati mwingine hata jicho la watu linalaumiwa. Kinachochanganya zaidi ni kwamba nyumba ya tatu kutoka hapo kuna kisima cha kina kile kile, na maji yake bado ni matamu.

Sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya jiwe lenyewe. Ukanda wetu, kutoka Mombasa kushuka Diani na Shimoni, kuvuka mpaka hadi Tanga, na ng'ambo ya pili Unguja na Pemba, una miamba mingi ya chokaa, na ile iliyo karibu kabisa na bahari ni matumbawe ya kale. Jiwe hili lina tabia ambayo mawe mengi hayana. Maji yanayopita ndani yake hulila, na yakishalila, njia yao nayo hubadilika. Chombo kinachohifadhi maji yetu kinatengenezwa upya na maji yenyewe.

Wataalamu wa maji ya ardhini wamekuwa wakitumia kompyuta kukokotoa mambo hayo mawili kwa pamoja, mwendo wa maji na kuliwa kwa jiwe. Ni fani yenye hesabu nzito, lakini wazo lake linaweza kuelezwa bila hesabu, na linatuhusu sana: nani achimbe wapi, achimbe kina gani, avute maji kiasi gani, na choo kikae wapi.

Jiwe linalochemka likikamuliwa ndimu

Tuanze na jiwe. Matumbawe unayoyaona kwenye majabali ya ufuoni Kenya, yale yenye ncha kali zinazokata miguu, mengi yalijengwa na viumbe wa baharini miaka kama 125,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Bahari ikashuka, mwamba ukabaki nchi kavu. Mawe ya mapango ya Amboni kule Tanga ni ya kale zaidi, miaka kama milioni 150, lakini jamii ni moja: kalsiamu kabonati, kitu kile kile kilichomo kwenye kombe, kwenye kauri na kwenye ganda la yai. Ukisaga kipande na kukikamulia ndimu, utaona kinatoa mapovu. Asidi ya ndimu inalivunja jiwe na hewa ya ukaa, yaani kaboni dayoksidi, inatoka.

Wachoma chokaa wanaijua kemia hii ingawa hawaiiti kemia. Tanuri la moto huifukuza hewa ya ukaa kutoka kwenye jiwe, maji humwagiwa, lipu hupakwa ukutani, na polepole ile lipu huinyonya tena hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe. Kuta za Lamu, Gede na Mji Mkongwe zimesimama kwa njia hiyo.

Chini ya ardhi kazi hiyo hufanyika bila moto. Mvua ya masika inapenya kwenye udongo, mahali ambapo mizizi na vijidudu vinapumua, na hewa iliyonaswa humo ina hewa ya ukaa mara kumi hadi mara mia kuliko iliyo nje. Maji yanainyonya na kuwa asidi hafifu, kama soda iliyoachwa wazi. Yakikutana na matumbawe yanaanza kuyayeyusha, na yanaendelea hadi yanashiba. Maji yaliyoshiba hubeba chokaa lakini hayali tena. Ukiyachemsha, hewa ya ukaa inatoroka, maji yanashindwa kubeba mzigo wake, na yanauacha ndani ya birika: ule utando mweupe mgumu ambao kila nyumba ya pwani inaujua.

Hapo kuna fumbo lililowasumbua wataalamu kwa muda. Kama maji hushiba baada ya kupenya mita chache tu, ni nani anayechimba mapango makubwa kina cha chini karibu na bahari? Shimoni haikupewa jina lake bure.

Maji mawili yaliyoshiba yanapata njaa

Mwaka 1964 mtaalamu wa mapango kutoka Uswisi, Alfred Bögli, alieleza jambo ambalo bado linamshangaza mtu akilisikia mara ya kwanza. Ukichanganya maji mawili, kila moja limeshiba chokaa kivyake, mchanganyiko unaweza kuwa na njaa. Unaanza kula jiwe upya.

Njia nzuri ya kuliona ni kufikiria tao la mlango wa nyumba ya kale. Tazama nusu moja tu ya tao, pale linapopanda kutoka kwenye nguzo hadi kileleni. Kadiri unavyosogea kuelekea katikati ya mlango, hesabu kwamba maji yana hewa ya ukaa zaidi. Na kadiri unavyopanda juu, hesabu kwamba yamebeba chokaa zaidi. Tao ndilo mpaka wa shibe. Hupanda kwa kasi mwanzoni, kisha hulegea, kwa sababu kuongeza hewa ya ukaa maradufu hakuongezi chokaa maradufu. Sasa funga uzi kutoka nukta moja ya tao hadi nukta nyingine. Uzi umenyooka, tao limepinda, kwa hiyo uzi unapita chini ya tao. Ukichanganya maji ya nukta hizo mbili, mchanganyiko unaangukia kwenye uzi. Ule mwanya kati ya uzi na tao ndiyo njaa mpya.

Maji ya mvua yaliyoshiba chokaa yakikutana na maji ya bahari, jambo la aina hiyo hutokea, na chumvi ya bahari inaongeza lake. Kwa hiyo mahali ambapo jiwe linaliwa kwa bidii kabisa si juu kwenye udongo peke yake, ni pia kule chini ambako maji matamu na ya chumvi yanakutana.

Yanakutana wapi? Maji matamu huelea juu ya ya bahari. Lita ya maji ya bahari ina uzito wa kama gramu 1,025, na ya maji matamu gramu 1,000. Tofauti hiyo ndogo inaleta kanuni ambayo Mholanzi Badon Ghijben na Mjerumani Herzberg waliifikia kila mmoja kwa njia yake, zaidi ya miaka 120 iliyopita: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ni habari njema hadi uisome kinyume. Ukivuta maji kwa nguvu na kuyashusha nusu mita tu, ukaendelea hivyo, mpaka wa chumvi chini yako unaweza hatimaye kupanda mita 20.

Na haihitaji chumvi nyingi. Maji ya bahari yana kama miligramu 19,000 za kloraidi kwa lita. Ulimi huanza kuhisi chumvi karibu na miligramu 250. Piga hesabu mwenyewe: ndoo mbili za bahari kwenye ndoo mia moja za maji matamu zimeshavuka hapo.

Kompyuta na mchezo wa bao

Sasa tufike kwenye kompyuta. Kanuni ya mwendo wa maji ndani ya mchanga na mwamba ilipatikana mapema, mwaka 1856, na mhandisi Mfaransa Henry Darcy aliyekuwa akishughulikia maji ya mji wa Dijon. Alipitisha maji kwenye nguzo za mchanga na kuona kwamba mwendo unategemea mambo mawili: tofauti ya kimo cha maji kati ya ncha mbili, na wepesi wa mchanga kupitisha maji. Kanuni za kemia ya chokaa nazo zilifahamika. Shida ilikuwa kuziweka pamoja, maana kila moja inamharibia mwenzake hesabu.

Mwenye kucheza bao ataelewa haraka. Bao la kiswahili lina mashimo 32, na kete 64 zinazotembezwa kutoka shimo hadi shimo. Modeli ya kompyuta huukata mwamba vivyo hivyo, vipande vipande kama mashimo ya bao, ila huweza kuwa maelfu au mamilioni, na yamepangwa pia kwenda chini. Katika kila zamu programu hufanya kazi tatu. Kwanza husambaza maji: kiasi gani kimetoka shimo hili kwenda la jirani, na kimebeba chumvi na chokaa kiasi gani. Kisha husimama katika kila shimo na kufanya kemia: maji haya mapya yameshiba au yana njaa, na kama yana njaa yatakula jiwe kiasi gani kabla ya zamu ijayo. Halafu inakuja kazi ya tatu, ambayo kwenye bao haipo. Mashimo yenyewe yanabadilika ukubwa. Shimo lililoliwa limekuwa pana, kwa hiyo zamu inayofuata litapokea maji zaidi. Wakati mwingine ni kinyume, maji yanaacha chokaa na shimo linaziba. Kisha zamu inaanza upya, na tena, hadi zimepita siku, au miaka, au milenia, kutegemea anayeuliza anataka kujua nini.

Programu za kufanya hivyo zipo, na baadhi ni za bure. Taasisi ya Jiolojia ya Marekani, USGS, ndiyo iliyotoa MODFLOW kwa ajili ya mwendo wa maji na PHREEQC kwa ajili ya kemia, na mwanafunzi yeyote wa Mombasa, Dodoma au Zanzibar mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuzipakua leo. Maabara ya Lawrence Berkeley huko California ina nyingine, TOUGHREACT, inayofanya yote mawili, na joto juu yake. Kwa maoni yangu hili halisemwi vya kutosha: kinachotukwamisha huku si programu.

Kazi moja ya mwaka 1989 inafaa kuelezwa kidogo, kwa sababu ndiyo iliyoweka msingi wa swali letu la pwani. Ward Sanford na Leonard Konikow wa USGS waliunganisha hesabu ya kemia na hesabu ya maji mazito na mepesi, wakachora kwenye kompyuta mkato wa pwani ya chokaa, maji matamu yakitoka bara na bahari upande wa pili. Waliyoyapata ni haya. Jiwe linaliwa zaidi upande wa maji matamu wa ule ukanda wa mchanganyiko. Kinacholiamua si kasi ya kemia bali wingi wa maji yanayopita: maji mengi, jiwe jingi linaondoka. Matundu makubwa yanaweza kutokea kwa muda wa makumi ya maelfu ya miaka. Na kadiri njia zinavyofunguka, ukanda wenyewe wa mchanganyiko unasogea kuelekea bara.

Mfano waliokuwa nao akilini unafanana na kwetu: rasi ya Yucatan, Mexico. Huko kaskazini ya rasi hakuna mito juu ya ardhi, mvua yote inamezwa na chokaa, na wazamiaji wamepima mapango ya chini ya maji yenye urefu wa zaidi ya kilomita 300. Miaka kumi kabla ya Sanford na Konikow, William Back na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba ghuba ndogo ya Xel Há, kwenye pwani ya mashariki ya rasi hiyo, ilichongwa kwa njia hii, na maji ya ardhini yanayotokea baharini. Kompyuta ilikuja kuonyesha kwamba hesabu inakubaliana na macho.

Makumi ya maelfu ya miaka ni muda mrefu. Nyumba yako haitazama kesho kwa sababu ya mchanganyiko wa maji chini yake. Lakini matumbawe yetu yana miaka 125,000. Muda huo umeshapita, tena mara kadhaa, na bahari imepanda na kushuka ndani yake, ukanda wa mchanganyiko ukipanda na kushuka pamoja nayo. Maana yake sisi tunachimba visima kwenye mwamba ambao tayari umeshatobolewa.

Aliye nacho huongezewa

Modeli hizi zinaeleza pia kwa nini visima viwili jirani havifanani.

Chukua mwamba wenye nyufa nyembamba mbili, moja pana kidogo kuliko nyingine. Ile pana inapitisha maji zaidi, inaliwa zaidi, inapanuka zaidi, kisha inapitisha maji zaidi tena. Ongezeko lenyewe si la hivi hivi. Ufa ukipanuka mara mbili, chini ya msukumo ule ule unapitisha maji mara 8. Ukiwa ni mrija wa duara, mara 16. Baada ya muda ufa mmoja umekuwa mfereji na mwingine umebaki unywele, ingawa mwanzoni tofauti yao isingeonekana kwa macho. Ukiiona picha ya modeli ya namna hii ikicheza kwenye skrini utafikiri unatazama mizizi ikiota: matawi mengi yanaanza pamoja, machache yanawanyima wengine maji, mwishoni moja au mawili ndiyo yanayofika mbali.

Kama matawi yataota au la, hilo hutegemea mashindano ya kasi mbili. Kemia ikiwa ya haraka mno kuliko mwendo wa maji, maji yanashiba mlangoni na jiwe linaliwa usoni tu. Maji yakienda mbio mno, yanakula kidogo kila mahali. Katikati ya hayo mawili ndipo mifereji mirefu inapochongwa. Wahandisi wa mafuta wanaijua sana hesabu hii. Mafuta mengi ya nchi za Ghuba yamo kwenye miamba ya chokaa, likiwemo eneo la Ghawar huko Saudi Arabia, na wao humwaga asidi visimani makusudi wakitafuta ile kasi ya katikati, ili wachonge mifereji mirefu kwa asidi kidogo. Pesa nyingi iliyotengeneza modeli hizi imetoka huko, na si vibaya sisi wa maji tukinufaika.

Turudi kwa jirani wa nyumba ya tatu. Kisima chake kimeangukia sehemu ya mwamba yenye vitundu vidogo tu, maji yanaingia polepole. Chako kimegusa mfereji, au ufa uliounganika na mfereji unaoelekea baharini. Siku ya kwanza wewe ulimcheka kwa sababu pampu yako haikauki. Mfereji ule ule ulioleta maji mengi ndio uliofungulia bahari mlango.

Siku modeli ilipokosea

Sitaki mtu atoke hapa akidhani kompyuta inaona chini ya ardhi. Haioni. Inakokotoa kile ilichoambiwa.

Mei 2000, kwenye mji mdogo wa Walkerton, Ontario, Kanada, mvua kubwa ilisukuma vijidudu kutoka kwenye samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima kifupi cha mji kilichochimbwa katika miamba ya jamii hii ya chokaa. Watu 7 walikufa na zaidi ya 2,300 waliugua. Kulikuwa na uzembe katika kutia klorini, na tume ya uchunguzi ililisema hilo wazi. Lakini kuna sehemu ya kisa hiki isiyosimuliwa sana. Baada ya maafa, modeli ya kompyuta ilitengenezwa kukisia maji ya visima vya mji yanatoka umbali gani na kwa muda gani. Modeli iliuchukulia mwamba kama sifongo, vitundu vidogo vilivyosambaa sawasawa. Kisha watafiti wakafanya jaribio la ardhini: wakatia alama kwenye maji ya visima vya karibu na kusubiri ifike kwenye kisima cha mji. Ikafika kwa kasi iliyopita makadirio ya modeli kwa makumi ya mara.

Hesabu haikuwa na kosa la kujumlisha. Kosa lilikuwa kuuita mwamba wa mifereji sifongo. Na nijuavyo, hilo ndilo kosa rahisi kuliko yote kwenye chokaa, kwa sababu ukipima maji kwenye visima vichache, huenda hakuna hata kimoja kilichogusa mfereji. Unapata wastani mzuri wa mwamba ambao haupo.

Kwetu hili lina uzito kwenye mambo mawili. La kwanza ni choo. Tunapoambiwa choo cha shimo au shimo la maji taka likae umbali fulani kutoka kisimani, nyuma ya umbali huo kuna dhana ya udongo unaochuja. Kwenye mchanga dhana hiyo ina msingi: vijidudu hukwama, hufa njiani. Nyuma ya ukanda wa matumbawe wa Kwale kuna mchanga wa kale wa namna hiyo, na si bahati kwamba visima vya Tiwi vinavyolisha pwani ya kusini viko upande huo. Kwenye matumbawe yenyewe, maji machafu yanaweza kupita kwenye mfereji bila kuchujwa na chochote, yakafika kisima cha mbali kabla hayajafika cha karibu. Anayeishi juu ya jiwe tupu asiutegemee umbali peke yake. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama ni meupe kama kioo.

La pili ni kina. Kisima kikianza chumvi, wengi humwita fundi aongeze mita kumi. Kwenye mwamba wa pwani huko ni kuifuata chumvi nyumbani kwake. Afadhali kuinua pampu, kuvuta polepole kwa saa nyingi badala ya kwa nguvu kwa saa moja, au kuwa na visima vifupi viwili vinavyopokezana badala ya kimoja kirefu chenye pampu kubwa. Hoteli zinazovuta maji ufuoni mchana kutwa wakati wa kaskazi zinachota kwenye mwamba mmoja na vijiji vilivyo nyuma yao, na mpaka wa chumvi haujui ua wa nani uko wapi.

Daftari na bamvua

Nilisema kinachotukwamisha si programu. Ni vipimo. Modeli ya pwani inahitaji kujua maji yako kimo gani kisimani, chumvi kiasi gani, na vitu hivyo viwili vinabadilikaje kwa mwaka na kwa siku. Mwaka ni rahisi kuuelewa: kabla ya masika, baada ya masika, baada ya vuli. Siku inahitaji maelezo kidogo, na wavuvi wataipata haraka kuliko wengine.

Bahari inapojaa na kupwa, maji kwenye visima vya matumbawe hupanda na kushuka pia. Kisima kilicho kwenye mwamba mzito huchelewa, na hupanda kidogo tu. Kilichounganika na mfereji hufuata bahari karibu mara moja. Kwa hiyo siku ya bamvua, pale maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, ni siku nzuri kabisa ya kukihoji kisima. Pima kimo cha maji kwa kamba yenye uzito, wakati wa kujaa na wakati wa kupwa. Pima na chumvi. Kuna kifaa kidogo chenye ukubwa wa kalamu nene kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kwa kipimo cha maikrosimenzi kwa sentimita. Maji matamu ya kisima cha chokaa huwa kwenye mamia kadhaa hadi karibu elfu moja, bahari ni kama 50,000. Rudia siku ya maji mafu ulinganishe.

Andika tarehe, saa, bahari ilikuwa imejaa au imepwa, kimo, chumvi, na kama pampu ilikuwa inafanya kazi. Daftari la shule linatosha. Kisima kinachosoma 900 mwaka huu, 1,500 mwaka ujao na 2,400 unaofuata kinakuambia kitu ambacho ulimi wako utakijua kwa kuchelewa.

Mtaalamu wa modeli akipata madaftari kama hayo kutoka visima ishirini vya kijiji kimoja, anaweza kufanya kazi ambayo Walkerton ilifanyika baada ya mazishi. Anaendesha modeli yake ya sifongo, analinganisha na madaftari, na anaona visima vipi vinakataa. Pale panapokataa anachora mfereji, anaendesha upya, anabadilisha upana wake, anaendesha tena, hadi maji ya kwenye kompyuta yapande na kupwa kwa saa zile zile zilizoandikwa kwa kalamu. Bado hatakuwa ameuona mfereji. Ila atajua kisima kipi kisivutwe kwa pampu kubwa, na shimo la choo jipya lisichimbwe upande gani.